Ustadi wa Kutoa Madoa ya Urembo katika Viti vya Gari

Fundi wa injini husifiwa gari linapowaka kwa mguso mmoja, na mpaka rangi husifiwa bodi inapong'aa barabarani. Lakini yule ainamaye mlangoni, kitambaa cheupe mkononi, akaondoa katika kiti wekundu ulioachwa na midomo ya bibi harusi, kazi yake ikitimia haionekani kabisa, na jambo lisiloonekana aghalabu hukosa wa kulisifu. Kwa rai yangu ustadi huu wastahili taadhima, maana ndani yake mna maarifa, hadhari na subira ambazo wengi wetu hatunazo.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya adui. Rangi ya midomo si rangi peke yake. Ni nta na mafuta, mara nyingi ya mbarika, yaliyochanganywa na rangi kwa makusudi ya kung'ang'ania ngozi ya mwanadamu, isitoke kwa chai wala kwa mate. Kitu kilichotengenezwa kuyashinda maji, mtu asiyejua hukimwagia maji, tena ya moto, kwa dhana kwamba moto huondoa kila uchafu. Ilhali nta ikipata moto huyeyuka, na ikiyeyuka huzama katika nyuzi mpaka kwenye sponji iliyo chini, mahali ambapo mkono haufiki. Kisha mtu huyo husugua kwa nguvu zake zote, na doa lililokuwa la ukubwa wa ukucha likawa la ukubwa wa kiganja.

Mstadi hafanyi hivyo. Huanza kukwangua kwa ukingo butu wa kijiko, taratibu, akitoka pembeni kuja kati ili doa lisitambae. Na ikiwa gari limeshinda juani, nta imelainika, huweka juu yake barafu iliyofungwa katika mfuko mpaka igande. Ndipo huchukua spiriti, akiisha kuijaribu chini ya kiti pasipoonekana, asije akaitoa na rangi ya kiti chenyewe. Huitia katika kitambaa, si katika kiti, akakilaza juu ya doa, akakibana kwa ncha za vidole, akangoja, akakiinua. Wekundu umehamia kitambaani. Hugeuza upande safi akabana tena, na tena, na kila mara alama iliyochapika huwa hafifu kuliko iliyotangulia, mpaka kitambaa kikainuka cheupe. Kingekuwa cha rangi asingejua lini kazi imekwisha. Mafuta yaliyosalia huyamaliza kwa povu la sabuni ya vyombo katika maji baridi, kidogo tu, akafuta, akaiacha milango wazi, kwani sponji ikinywa maji mengi huvunda, na uvundo ni taabu kuutoa kuliko doa.

Poda, kwa kuwa ni kavu, haiguswi na maji hata kidogo. Hupunguzwa kwa brashi au kwa mashine ya kunyonya vumbi. Viti vya ngozi navyo huchukiana na spiriti, ambayo huvivua mng'ao wao. Hivyo hutakiwa sabuni nyororo, kisha mafuta ya ngozi.

Huku kwetu pwani, mtihani mkubwa ni hina. Usiku wa arusi za Mombasa na Unguja magari hurejesha akina mama majumbani mikono ingali mibichi, na mkono mmoja ukiegemea kiti pakiwa na giza, asubuhi doa limekwisha kuota mizizi. Rangi ya hina hushikamana na protini, ndiyo sababu hukaa katika kucha na nywele, na kwa sababu hiyo hiyo hukaa katika ngozi na sufu. Nayo piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, ni kali kupita hina. Hina ikiwahiwa ingali mbichi huinuliwa kwa kijiko na kitambaa chenye sabuni. Ikichelewa, fundi mwaminifu humwambia mwenye gari waziwazi kwamba alama itapungua wala haitakwisha. Namheshimu fundi huyo kuliko yule atiaye jiki, akaondoa doa pamoja na rangi ya kiti, akapokea ujira wake na kwenda zake kabla kiti hakijakauka. Kujua kikomo cha kazi yako ni sehemu ya kazi.

Basi, ewe msomaji, siku kiti chako kitakapopatwa, usimwage maji wala usisugue. Kwangua kilicho juu, upeleke gari mapema, umwambie fundi bila kuona haya ni doa la nini na limekaa muda gani, kwani dawa ya nta siyo dawa ya hina. Mpe nafasi afanye taratibu. Na akimaliza, ukitazama usione kitu, umlipe kwa ustadi wake, wala usimlipe ujira wa kuosha magurudumu.