Ayala Aliyejeruhiwa: Uwindaji na Huruma katika Kitabu cha Hemingway

Waholanzi walipofanya makao katika Rasi ya Tumaini Jema, katika karne ya 17, walimwona mnyama mkubwa wa pembe ambaye hawakuwa na jina lake. Wakamwita eland, ambalo kwao ni jina la ayala mkubwa wa misitu ya baridi huko Ulaya. Waingereza wakalipokea jina hilo, na hata leo pofu wetu huitwa katika lugha yao kwa jina la mnyama wa theluji. Waingereza waliohamia Marekani nao walifanya kosa lililo ndugu ya hilo: walikuta ayala wa namna nyingine, wakampa jina la elk, ingawa siye aliyeitwa hivyo Ulaya. Basi jina moja lilisafiri kusini na magharibi, likawaangukia wanyama wawili ambao halikuwahusu. Mgeni aingiapo katika nchi asiyoijua, aghalabu huona kwanza kile alichokibeba machoni mwake.

Neno ayala nalitumia kama walivyolitumia wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, kwa kuwa mnyama huyo hayumo katika mbuga zetu. Na yule wa Marekani nitamwita elki. Nimeanza na majina haya kwa sababu nataka kusema habari za kitabu kilichoandikwa na mgeni wa namna hiyo. Green Hills of Africa, kitabu cha Ernest Hemingway kilichotolewa mwaka 1935, kwa dhahiri chasimulia uwindaji wa tandala katika Tanganyika. Kwa siri, moyo wake umo katika kitanda cha hospitali huko Marekani, pamoja na elki aliyevunjwa bega. Wengi wamekisifu au kukilaumu kwa ajili ya tandala. Mimi nitakipima kwa elki.

Kwanza tupate habari zenyewe. Hemingway alishuka Mombasa mwezi wa Desemba, 1933, pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson, wakaongozwa na mwindaji Mwingereza Philip Percival. Waliwinda katika Serengeti, kisha katika nchi ya Manyara na Babati, na mwisho wakafuata tandala mashariki zaidi. Mnamo Februari, 1934, safari ilikwisha. Katika dibaji mwandishi anaeleza kuwa alijaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, apate kuona kama umbo la nchi na mambo ya mwezi mmoja vyaweza kushindana na kazi ya kubuni. Kitabu kina sehemu nne, na jina la kila sehemu lina neno la kufukuza: kufukuza na mazungumzo, kufukuza kunakokumbukwa, kufukuza na kushindwa, kufukuza kulikogeuka furaha. Hapana shaka mpango huu ni wa fundi. Msomaji hupewa kiu ya mwindaji, akacheleweshwa kama mwindaji, hata tandala anapotokea jioni katikati ya miti, moyo wa msomaji nao hupiga mbio.

Lakini kiu hiyo hupimwa kwa kamba. Katika kitabu Thompson huitwa Karl, na kila Karl aendapo upande wake hurudi na pembe kubwa kuliko za mwandishi. Siku mwandishi anapowaua madume mawili ya tandala na kurudi kambini kwa shangwe, anamkuta Karl na tandala mwenye pembe zinazoshinda zake zote mbili. Wivu wake haufichi, anauandika pasipo kujitetea. Mwandishi anayekubali kuonekana mdogo katika kitabu chake mwenyewe anastahili heshima, kwani ni rahisi kusema ukweli juu ya nchi, na ni vigumu kuusema juu ya nafsi.

Sasa tumfikie elki. Hemingway alizoea kuwinda katika milima ya Wyoming, ambako majira ya uwindaji hukutana na theluji ya kwanza, na mwindaji hulala katika kambi ya baridi kali. Tarehe 1 Novemba, 1930, akitoka katika milima hiyo, alipatwa na ajali ya motokaa karibu na Billings, Montana, mkono wake wa kulia ukavunjika juu ya kiwiko. Alilala hospitalini majuma mengi. Katika Green Hills anakumbuka usiku mmoja wa maumivu hayo, akiwa peke yake bila usingizi. Ghafla aliwaza jinsi dume la elki linavyosikia mwindaji anapolivunja bega, nalo likamponyoka. Akalala pale akiyapitia yote, tangu pigo la risasi hata mwisho wa mambo, na katika homa yake akadhani kuwa mateso yale huenda yakawa ni adhabu kwa ajili ya wawindaji wote. Alipopona alijiambia kuwa ikiwa ni adhabu, ameilipa. Ataendelea kuwinda kwa kadiri awezavyo kuua upesi na vizuri, na uwezo huo ukimwisha, ataacha.

Ukurasa huo ni mfupi, wala hauna mapambo. Niliusoma kwa mara ya tatu mwezi wa Julai, huko Haydom, nikimwuguza mzazi wangu. Usiku wa Julai katika nyanda za Mbulu una baridi ya kumfanya mtu avute blanketi mpaka puani, na katika wodi watu hawalali wote kwa wakati mmoja. Daima yuko mmoja anayesikiliza mwili wake. Nilielewa hapo kwa nini ukurasa huo hauchakai. Kila mahali pengine katika kitabu mwandishi anamtazama mnyama kutoka mwisho wa bunduki ulio upande wake. Hapa peke yake anahamia upande wa pili. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Na kovu la mkono ule ndilo jicho jema kuliko yote katika kitabu hiki.

Swali la mhakiki ni hili: je, jicho hilo lilibaki wazi? Nathubutu kusema halikubaki. Msomaji na afungue pale fisi anapopigwa risasi. M'Cola, mchukuzi wa bunduki, anacheka; mwandishi naye anacheka pamoja naye, akitueleza jinsi mnyama anavyojizungusha na kujitafuna matumbo, kana kwamba ni mchezo uliopangwa ili watu wafurahi. Mwili uliovunjika wa elki ulimkosesha mtu usingizi, na mwili uliovunjika wa fisi unamchekesha. Tofauti ya maumivu iko wapi? Haiko katika maumivu. Iko katika uzuri wa mnyama na katika pembe zake. Huruma ya kitabu hiki inafuata nyara.

Wala tusiharakishe kumhukumu mgeni peke yake. Ngano zetu zimemcheka fisi tangu zamani: mlafi, mwoga, anayefuata njia mbili hata akapasuka msamba. M'Cola hakufundishwa kicheko kile na Hemingway. Lakini fisi wa ngano ni mtu aliyevikwa ngozi, nasi twajicheka wenyewe ndani yake. Fisi wa Green Hills ni fisi kweli, naye anakufa kweli, katika kitabu ambacho mwandishi wake ametuahidi ukweli mtupu. Hilo ndilo kosa ninaloliona: ahadi ya dibaji imevunjwa, na aliyeivunja ni kicheko.

Karibu na mwisho kiapo cha hospitalini kinajaribiwa. Mwandishi anampiga dume la palahala, risasi haifiki mahali pake, na mnyama anakimbia na jeraha. Wanafuata damu kwa muda mrefu kwenye jua kali, kisha wanaipoteza. Anakiri kuwa amesikitika vibaya, kwa kuwa hajali kuua, bali anajali kujeruhi na kuacha. Hapa ndipo kitabu kilipopaswa kukutana na elki wake. Hakikukutana naye. Mwandishi anasikitika, anakunywa, anarudi kambini, na habari inageukia pembe za Karl. Fundi aliyeutengeneza mpango wa sehemu nne kwa uangalifu mkubwa aliupita mlango uliokuwa wazi.

Nasoma haya nikiwa Haydom, na mahali hapo hapaniachi nisome kwa ukimya. Katika nchi hiyo ya Mbulu na Hanang lugha za koo nne hukutana sokoni: Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi, Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyiramba na Kiisanzu, na Kihadza, ambacho hakina ndugu ajulikanaye. Hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilianzishwa na wamisionari wa Norwei, watu wa nchi ambayo ayala mkubwa wa Ulaya, yule mwenye jina la asili, huwindwa kila mwaka majani yanapopukutika. Basi mji mdogo huu umewapokea watu wa elki na watu wa pofu pamoja.

Watu wa pofu ni Wahadzabe wa bonde la Yaeda na pande za Ziwa Eyasi. Mtaalamu James Woodburn, aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950, ameeleza desturi yao kwa mwindaji aliyempiga mnyama mkubwa. Mshale una sumu, na sumu hutaka muda. Mwindaji hamfukuzi mnyama papo hapo. Humwacha, akarudi kambini. Hafiki kwa kelele. Huketi kimya pamoja na wanaume wenzake, akaiacha damu iliyo katika uti wa mshale imsemee. Baadaye watu hufuata nyayo pamoja naye, na nyama huwa ya kambi. Tena ziko sehemu za nyama ziitwazo epeme, ambazo si za aliyeua bali ni za wanaume waliokwisha kupewa daraja. Na mnyama akifa, Kihadza kina jina jingine la kumtangaza, tofauti na lile aitwalo akiwa hai.

Nawaomba wasomaji watazame desturi hii kama kanuni ya usimulizi. Mwindaji ana habari kubwa kuliko zote za siku hiyo, naye anajizuia. Kati ya pigo na kifo kuna usiku mzima, na usiku huo hauna shujaa: una mnyama anayeumwa gizani na watu waliokaa kando ya moto wakijua hivyo. Huo ndio usiku wa Billings. Yale ambayo Hemingway aliyafikia mara moja kwa kuvunjika mkono, desturi ya Yaeda huyaweka katika kila uwindaji mkubwa.

Atatokea wa kunipinga, na pingamizi lake ni la haki, kwamba si kila jirani wa Haydom huwinda kwa unyamavu. Wadatoga walimtukuza kijana aliyeua simba, tembo au nyati. Alipambwa, akazawadiwa ng'ombe, na sifa zake zikaimbwa. Ni kweli, wala sisemi kuwa kujisifu ni ugonjwa wa wageni. Lakini kijana yule alimkabili kwa mkuki mnyama aliyehesabiwa kuwa adui wa watu, na zawadi zilimfunga kwa jamaa waliozitoa. Sifa yake ilikuwa deni. Pembe za Karl hazimfungi mtu yeyote kwa yeyote. Hupimwa, huandikwa, hupelekwa nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1936, Hemingway alitoa hadithi yake ya theluji ya Kilimanjaro. Mwanzoni amemweka chui aliyekauka kwa baridi karibu na kilele. Na chui wa namna hiyo alikuwako kweli, kwani mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alimkuta huko mwaka 1926. Katika hadithi hiyo mwandishi mmoja anakufa kambini kwa kidonda kilichooza mguuni, akikumbuka theluji za Ulaya alizoacha kuziandika. Na nani anayekuja usiku kutangaza mauti yake? Ni fisi. Yule aliyechekwa mwaka 1935 amerudi kudai haki yake, na safari hii mwenye mwili uliovunjika ni mwindaji mwenyewe. Kwa maoni yangu hadithi hiyo ndiyo uhakiki bora wa Green Hills, nao umeandikwa na mkono ule ule. Kwa kubuni alisema ukweli ambao kitabu cha kweli tupu kilishindwa kuusema.

Hata hivyo liko jambo moja ambalo vitabu vyote viwili havikulitengeneza. M'Cola na wenziwe wasoma nyayo wanajua nchi, wanamjua mnyama, wanachemsha maji ya kuoga ya bwana; maneno yao yatufikia kama makombo, tendalla kwa tandala, doumi kwa dume. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, M'Cola alirudi nyumbani akasimulia nini?" Sikuwa na jibu, wala hakuna kitabu cha kumpa. Swali lile lilinifedhehesha kuliko ukali wowote wa mhakiki, kwa sababu lugha ambayo M'Cola angelisimulia ni hii tunayofundisha.

Jambo hili si la kukawiza. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini wanyama wakubwa wamepungua, na wazee waliomngoja pofu hata asubuhi nao hupungua. Hati hulinda ardhi. Usimulizi hulindwa na wasimulizi, na mwandishi wa Kiswahili atakayekwenda kuwasikiliza na aende kama mwindaji yule arudivyo kambini: aketi kwanza, asiulize urefu wa pembe. Haya ndiyo niliyoyaona katika kitabu hiki. Ikiwa yuko msomaji aliyemwona elki kwa namna nyingine, na aandike. Kurasa hizi ni za sote.