Mgeni Asiyepewa Jembe: Kumsoma Mzungu wa Pwani katika Desertion

Muhula uliopita, katika semina yetu ya riwaya ya Afrika Mashariki, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba Martin Pearce, yule Mzungu wa Desertion ya Abdulrazak Gurnah (2005), ni mhusika mwema. Kwamba yeye si kama wakoloni wenzake: ni msomi wa mambo ya Mashariki, ana adabu, anarudi kuwashukuru waliomwokoa, na juu ya yote anapenda. Darasa likakubali. Mwalimu akatikisa kichwa kwa namna ambayo hatukujua ni ya ndiyo au ya hapana. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira si hoja. Makala hii ni jaribio la kuigeuza iwe hoja, na msomaji ataamua kama nimefaulu.

Kwanza niseme kwetu ni wapi, maana mhakiki anayejifanya hana kwao huwa anaficha kitu. Mimi ni mtoto wa Watamu. Mwaka 1967 Italia ilirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waliokuja baadaye hawakuwa na haja na anga, walitaka ufuo. Wakaja kwa hoteli, kisha kwa nyumba, kisha kukawa na njia nzima za kuta nyeupe ambazo sisi watoto tulizijua kwa mbwa wao. Ukipita Malindi utakuta vibao vya Kiitalia, na vijana wa ufuoni wanaokisema Kiitalia vizuri kuliko Kiingereza walichofundishwa shule. Mimi mwenyewe "ciao" niliijua kabla ya salamu yoyote ya darasani.

Sasa, watu hawa tuwaite nani? Si suala dogo kwa mwanafunzi wa fasihi. Kiswahili kina mgeni, mtalii, mhamiaji, mkimbizi na mlowezi. Mtalii ana tikiti ya kurudi. Mhamiaji ndilo jina tunalopewa sisi tukienda kwao. Mkimbizi anakimbia. Mlowezi tumemwacha katika vitabu vya historia, kule kwenye mashamba ya nyanda za juu, kana kwamba aliondoka na bendera. Kwetu mtu huyu huitwa tu "Mzungu", na mara nyingi anamilikishwa: Mzungu wangu, Mzungu wa fulani. Hatuna jina lake, basi tumempa mwenyewe!

Methali tunayo lakini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nionavyo mimi, sura za mwanzo za Desertion zimejengwa juu ya swali la siku hiyo ya tatu. Ni mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anakwenda msikitini alfajiri, anakutana na Mzungu aliyekwisha nguvu, anamchukua nyumbani kwake. Wahakiki hupenda kupita hapa mbio ili wafike kwenye mapenzi. Mimi naomba tukae kidogo. Angalieni jinsi Gurnah anavyoihesabu ile karimu: nani anaitwa kumtazama mgonjwa, wanawake wa nyumba wanapata kazi gani ya ghafla, jirani watasema nini. Hassanali ana hofu tangu dakika ya kwanza, na hofu yake si ya mgonjwa bali ya kile kitakachokuja kumfuata mgonjwa. Naye anakuja: Turner, mkuu wa wilaya, ambaye akiona nyumba iliyomlaza Mzungu haoni karimu, anaona wizi. Anataka mali ya mgonjwa. Jamani, mali gani?

Martin si Turner. Hapo nakubaliana na mwenzetu. Wala si Burton, yule msimamizi wa shamba ambaye anazungumza habari za kutoweka kwetu kama mtu anayezungumza hali ya hewa. Lakini Gurnah amewakalisha wote watatu meza moja, wanakula chakula kimoja, na kilichowakutanisha si tabia. Kila mmoja wao anaweza kuondoka. Martin anampenda Rehana, dadake Hassanali, wanahamia Mombasa, na siku moja anarejea Uingereza. Rehana anabaki, na mtoto. Kwa hiyo kuuliza kama Martin ni mwema ni kuuliza swali lisilo na uzito. Wema wake sina shaka nao. Ninachouliza ni wema huo ulimgharimu nini, na ulimgharimu nani.

Liko jambo moja ambalo kwa muda mrefu nilimlaumu Gurnah. Rashid, msimulizi, anakatiza hadithi na kukiri kwamba hajui Martin na Rehana walifikaje kupendana, kisha anabuni kwa tahadhari. Tangu Nobeli ya 2021 sote tumekuwa wataalamu wa Gurnah ghafla, na pengo hili tumelisifu kwa istilahi kubwa kubwa. Mimi niliona ni kukwepa. Pale pale ambapo tungemsikia Rehana, kalamu inayumba.

Nimebadili mawazo, na si kitabu kilichonibadilisha. Kijijini kwetu yuko mama mmoja aliyekaa na Mzungu miaka mingi. Mzungu alipokwenda kwao hakurudi. Mama yule bado yupo, anauza mahamri asubuhi, na sijapata kusikia mtu akimwuliza ilikuwaje. Si kwamba hatutaki kujua. Ni sitara. Kuna mambo ambayo mtu akiyauliza anakuwa amemvua mwenzake nguo. Basi nikamsoma upya Rashid: si mwandishi anayecheza na mbinu, ni kijana wa pwani anayeogopa kumvua nguo bibi wa watu.

Ukitaka kuona sitara ikikosekana, itazame filamu ya Ulrich Seidl, Paradies: Liebe (2012), juu ya Teresa, mwanamke wa Austria anayetafuta mapenzi kwenye ufuo wa Kenya. Kuna picha ambayo sitaisahau: wageni wamelala kwenye vitanda vyao, kamba imefungwa mchangani, na ng'ambo ya kamba vijana wamesimama wakingoja. Ni picha ya kweli. Lakini Teresa tunaingia naye hadi ndani ya upweke wake. Vijana wale tunawaona miili tu, hata Munga, ambaye ana jina. Kamera imeifunga kamba nyingine.

Rashid naye ni mgeni, tusisahau. Anakwenda Uingereza kusoma, kisha mapinduzi ya 1964 yanamfungia njia ya kurudi. Hakuna aliyempa ufuo. Huku kwetu Katiba ya 2010, ibara ya 65, inamruhusu asiye raia kukodi ardhi hadi miaka 99. Siku mbili na miaka 99: hesabu hiyo wanafunzi wa isimu watatusaidia.

Likizo iliyopita nilikuta njia ya wavuvi karibu na kwetu imezibwa na ukuta mpya. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, sasa anazunguka mbali na nyavu begani. Nilikasirika kuliko yeye.

"Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo), "yule bwana si mtu mbaya. Hunisalimu kila akiniona."

"Umemwambia habari ya njia?"

"Nimwambie vipi na hayuko? Huja Disemba."

Usiku ule nilimsimulia Desertion, yote, hadi Martin anapanda meli. Alisikiliza huku akishona wavu. Nilingoja aseme kitu juu ya mapenzi, au ukoloni. Aliuliza jambo moja tu: ile nyumba ya Mombasa ilikuwa imeandikwa jina la nani?

Semina nzima, saa mbili, hakuna kati yetu aliyeliuliza hilo.