Gemu Tatu za Mwaka, na Mama Aliyeketi Kutazama

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilikatika. Nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na mtandao wa kuvizia. Nyumbani kwetu Mchafukoge, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya umeme, simu ziligeuka tochi. Nilikuwa na gemu tatu kwenye kompyuta yangu. Mbili zilikataa kufunguka, kwa sababu kila moja ilitaka kwanza iwasiliane na kwao.

Nikashuka ngazi, nikavuka barabara hadi kwenye banda la gemu nyuma ya maduka ya vitenge. Pale palikuwa kama jana na juzi. Televisheni mbili, pedi nne, benchi limejaa, anayefungwa anampisha anayefuata. Nilimuuliza mwenye banda kama mtandao umemsumbua. Alinijibu bila kugeuza shingo: "Mtandao wa nini, kaka? Mpira si huu hapa?"

Tangu siku ile, ninaposoma orodha za gemu bora, nina maswali yangu matatu. Inachezeka bila intaneti? Umeme ukikatika ghafla, itanirudishia nilipofika? Na la tatu, kwa sababu Mchafukoge hakuna mtu mwenye chumba cha peke yake: ninapocheza, waliomo chumbani wakae kama nani?

Orodha kubwa hazijiulizi hivyo. Tarehe 12 Desemba 2024, huko Los Angeles, The Game Awards waliipa Astro Bot tuzo ya gemu ya mwaka. Sina ugomvi nao. Niliiona ikichezwa kwenye duka moja Kariakoo, yule roboti mdogo akirukaruka, na watu wazima wenye mizigo kichwani walisimama kutazama. Lakini inahitaji PS5, nami sina. Sitaipanga gemu ambayo sijaishika. Hizi tatu hapa nimezishika, kwa hela yangu au kwa dhambi yangu. Nitafika kwenye dhambi.

Ya tatu ni EA Sports FC 25, iliyotoka mwishoni mwa Septemba. Ilipotoka, bei yake dukani ilikuwa dola 70, hela iliyokaribia laki mbili za kwetu. Bandani ni shilingi mia tano kwa mechi. Najua wahakiki wamechoka nayo, na wana sababu. Kila mwaka inauzwa upya ikiwa na jezi mpya na mabadiliko kiduchu. Mwaka 2024 waliongeza Rush, watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo, kitu ambacho mtoto yeyote wa Dar aliyecheza chandimu ataona amekifahamu kabla hajakishika. Ligi yetu haimo. Shabiki wa Yanga anachagua Dortmund kwa ajili ya rangi ya njano, wa Simba anachukua Liverpool, na dabi inapigwa hivyohivyo.

Ila nimeiweka hapa kwa jambo jingine. Mapato ya gemu hii yamejengwa sana juu ya Ultimate Team, mahali ambapo mchezaji hununua pakiti za wachezaji bila kujua ndani mna nani. Ubelgiji iliuona mtindo huo kuwa ni kamari, na mwaka 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti nchini humo. Bandani kwetu hakuna sheria iliyopitishwa. Hakuna akaunti, hakuna kadi ya benki, hakuna bando la kuchezea, kwa hiyo sehemu yote ile imekufa yenyewe. Kilichobaki ni watu wawili, pedi mbili na kelele za benchi. Umaskini wa banda umeisafisha gemu kuliko waliyoitengeneza. Kwa swali langu la tatu, hakuna gemu inayoishinda hii: wasiocheza ni makocha, na kila kocha ana sauti.

Ya pili ni Balatro. Ilitoka Februari 2024, kisha ikaja kwenye simu tarehe 26 Septemba. Imetengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ambaye hadi leo hajatuambia jina lake. Ni karata. Unapanga mikono ya poka, jozi, watatu wa namna moja, shupaza tano, na kila mkono una alama. Kisha unanunua majokeri, wako 150, na kila mmoja anavunja sheria kwa namna yake. Mmoja anazidisha alama ukitupa kopa, mwingine analipa ukibaki na karata chache. Baada ya saa moja hukumbuki tena kama unacheza poka. Unatengeneza mashine, unasikiliza ikianza kunguruma, na unaomba isivunjike kabla ya raundi ya mwisho.

Balatro inajibu maswali yangu mawili ya kwanza kwa heshima zote. Haihitaji mtandao. Nikiwa kwenye mwendokasi, simu ikizima chaji katikati ya mkono, nikiiwasha jioni naikuta karata zilezile zinanisubiri. Kwa mtu aliyekulia kwenye mgao wa umeme, huo ni utu.

Swali la tatu ndilo lililoniletea kesi. Mama aliona karata na hesabu za dola kwenye kioo, akasema, "Mwanangu, kamari umeanza lini?" Nilijaribu kumweleza kwamba humo hakuna hata senti ya kweli, kwamba ukishainunua hakuna tena cha kulipia. Hakuniamini, na hakuwa peke yake: bodi ya Ulaya inayopanga umri wa gemu, PEGI, nayo mwaka 2024 iliipa 18, sawa na gemu za damu na risasi, kwa kuwa inafundisha mikono ya poka. Wakati huohuo pakiti za FC zinauzwa kwa watoto. Na ukitoka nje ya mlango wetu, ukaelekea Kariakoo, hutatembea sana kabla hujaona mashine inayomeza sarafu za mia mbili, na dogo wa shule amesimama mbele yake. Tumejifunza kuiogopa sura ya kamari, tukasahau kuiogopa kamari. Balatro ina sura tu. Kwa ufundi, ndiyo gemu bora niliyocheza mwaka huu.

Lakini orodha hii ni ya nilizozipenda, na ya kwanza ni nyingine.

Tales of Kenzera: ZAU ilitoka tarehe 23 Aprili 2024. Ni ya Surgent Studios, studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wengi wetu tulimjua kwa sauti kabla ya sura: ndiye Bayek wa Assassin's Creed Origins. Salim alifiwa na baba yake, na amesema waziwazi kwamba gemu hii ilitokana na msiba huo. Ni hadithi ndani ya hadithi. Kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Kitabuni yumo Zau, mganga kijana, naye amefiwa na baba. Zau anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa ahadi: nikuletee mizimu mitatu mikubwa inayokukataa, nawe unirudishie baba yangu. Na unaweza kuchagua kuyasikia yote hayo kwa Kiswahili.

Nianze na makosa yake, kwa sababu gemu za kwetu tumezoea kuzisifu kama mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani. Mapigano yanajirudia: unafungiwa mahali, wanatokea maadui walewale, unawamaliza, unafunguliwa. Kuna sehemu za kukimbizwa ambapo kosa moja ni kifo, na unarudishwa nyuma mpaka unachukia miguu ya Zau. Mara nyingi Kalunga anaeleza kwa maneno kile ambacho picha imeshakisema. Na imani za bara zima zimepikwa sufuria moja: Impundulu, ndege wa radi wa kusini, Kalunga wa Kongo, kijana mwenye jina la Pwani. Ukitoka huku kwetu, unaona majina ya nyumbani yakiwa ugenini.

Ina uzuri pia. Zau ana vinyago viwili vya baba yake, Jua na Mwezi, mmoja wa moto na wa kupigana karibu, mwingine wa baridi na wa mbali, na kuvibadilisha katikati ya pambano ni kama kubadilisha mguu kwenye ngoma. Na njiani kuna mibuyu. Zau anakaa chini ya mbuyu, anatulia, anazungumza juu ya baba yake, na anaponyanyuka uhai wake umeongezeka. Sijaona gemu nyingine inayomzawadia mchezaji kwa kukaa chini.

Kosa nililoliona kubwa kuliko yote lilikuwa jingine. Baba yangu alifariki Novemba 2023. Turubai lilifungwa barabarani, magari yakatafuta njia nyingine. Mikeka ilitandikwa hadi kwenye ngazi. Familia ya Kihindi ya ghorofa ya juu ilileta chai kwenye birika ambalo sikuwahi kuliona tena. Kwa siku tatu sikupata nafasi ya kulia peke yangu, maana kila nilipogeuka palikuwa na mkono begani. Ndivyo tunavyozika. Sasa mtazame Zau. Hukutana na watu njiani, wengine wana majonzi yao, naye huwasaidia. Lakini hana turubai. Hakuna anayempikia Zau. Anabeba msiba wake porini, na mwenzake wa pekee ni mauti yenyewe. Nilipoanza kucheza, mwezi Juni, niliandika kwenye daftari langu: huu ni msiba wa ughaibuni uliovalishwa vazi letu. Lugha ni ya nyumbani, upweke ni wa mbali.

Nilidhani nimepata hoja ya makala nzima. Nikaendelea kucheza.

Ilinichukua usiku kadhaa kuona kwamba nilikuwa nacheza hivyohivyo alivyo yeye: saa saba usiku, spika za masikioni, mlango umerudishwa. Turubai lilisharudishwa kwa mwenyewe. Arobaini ilishasomwa. Mila zetu zinajua nini kifanyike siku ya kwanza, ya tatu na ya arobaini, na zinakijua vizuri. Juu ya siku ya mia mbili zimenyamaza. Siku ya mia mbili watu wanakuuliza habari za kazi. Kenzera inaanzia pale ambapo wageni wameshaondoka, na upweke ule niliouita wa mbali ulikuwa umeshahamia Mchafukoge, ghorofa ya pili. Nilikwenda kuifuta ile sentensi kwenye daftari. Kisha nikaiacha, nikaandika chini yake tarehe.

Sasa dhambi. Kariakoo unaingiziwa gemu kwenye flashi kwa bei ya sahani ya chipsi, nami ndivyo nilivyoipata Kenzera. Nimelelewa na flashi. Mwezi Julai studio ikatangaza kupunguza wafanyakazi. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshawaambia marafiki wanane jinsi inavyonigusa, na wanne kati yao nilikuwa nimewapa nakala yangu. Sisemi shilingi zangu zingeokoa ajira ya mtu. Ila tunadai kila siku kwamba hatuonekani kwenye gemu za dunia, na ilipokuja moja inayozungumza lugha yetu, mimi nilishangilia nikiwa nimeingia uwanjani kwa kuruka ukuta. Mwezi Desemba niliinunua, kwa kadi ya mtandaoni ya simu iliyokataa mara mbili. Naihakiki kama mtu aliyelipa kiingilio, na ndiyo maana nimeyataja makosa yake bila kupunguza.

Limebaki swali la tatu: waliomo chumbani wakae kama nani?

Usiku mmoja wa Juni spika za masikioni ziliharibika, nikacheza kwa sauti ya chini. Mama alikuwa anapita na jagi la maji. Miaka yote hii amepita nyuma yangu nikicheza, na hakuwahi kusimama isipokuwa kusema nilale. Safari hii alisimama. Alisikia Kiswahili.

"Huyo anayesema ni nani?"

"Ni kijana amefiwa na baba yake. Anakwenda kumwomba arudishwe."

Aliweka jagi chini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitazama Zau akiruka, akianguka, akirudi mwanzo. Alitazama mara tatu, nne.

"Atampata?"

Nilikuwa nimeshafika mwisho jana yake. Nilikuwa nimerudi nyuma kutafuta mibuyu niliyoipita.

"Bado sijamaliza," nikamwambia.

"Basi ongeza sauti kidogo," akasema.