Sifa za Mkono Unaoezeka

Paa la makuti halidumu. Mshonaji analijua hilo kabla hajakunja jani la kwanza, na mwenye nyumba analijua kabla hajatoa malipo. Jua la kaskazi hulikausha, mvua za masika huliozesha, panya na wadudu hudai fungu lao, na baada ya miaka michache watu hupanda juu wakaliezua na kuanza upya. Wengi huona kwamba huo ndio udhaifu wake. Mimi naona hapo ndipo ilipo hekima yake, na hekima hiyo hupimwa siku familia inaposimama mbele ya kiwanja chake kilichoungua.

Kazi huanzia minazini. Makuti yaliyokauka na kuanguka hukusanywa, majani yakachambuliwa kutoka kwenye upongoo, kisha yakalowekwa ili yakubali kukunjwa bila kukatika. Mshonaji hukaa mkekani na kijiti chake mapajani. Huchukua majani mawili matatu, huyakunja juu ya kijiti, huyabana, na kuyashona kwa uchane wa miyaa, jani linalofuata likililalia lililotangulia. Kijiti kikijaa, hapo pana kuti moja la viungo, ambalo si sawa na kuti la kumba linalosukwa zima na kufanywa ua. Katika miji mingi ya pwani kazi hii huwa mikononi mwa wanawake. Hufanyika uani baada ya shughuli za asubuhi, watoto wakipewa zamu ya kuchagua majani marefu na kuyatenga na mafupi. Malipo ya kuti moja ni kidogo, lakini nyumba ya kawaida hula makuti kwa mamia, na nyumba kubwa kwa maelfu. Mnunuzi mjuzi huliinua kuti na kulielekeza juani. Likipitisha mwanga mwingi, hulirudisha chini bila neno, na mshonaji naye huelewa.

Fundi wa kuezeka ana hesabu nyingine. Mifupa ya paa lake ni miti ya mikoko, ambayo wafanyabiashara wa Lamu huitaja kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti na nguzo. Makombamoyo hushuka kutoka mgongoni mwa paa hadi juu ya kuta, na pau hukingamishwa juu yake na kufungwa kwa kamba. Makuti huanza kufungwa ukingoni, safu baada ya safu kwenda juu, ili kila safu ifunike mafundo ya safu iliyo chini yake na maji yateremke yasikute tundu. Siri yote imo katika nafasi inayoachwa kati ya safu na safu. Fundi anayefanya ubahili wa makuti huitanua nafasi hiyo. Paa humalizika upesi na huvuja mapema. Fundi mwaminifu huzibana safu hata mwenye nyumba akilalamika kwamba mzigo umekwisha na paa bado halijafika nusu. Aliyesimama chini hawezi kuyaona mafundo, wala hawezi kuyahesabu. Kwa hiyo nyumba ya makuti, kabla ya jambo lolote, ni amana baina ya anayelala chini ya paa na aliyelifunga.

Moto na nyumba hii wamejuana siku nyingi. Moshi wa jikoni hupanda kila siku ukapenya makutini, ukawafukuza wadudu na kulikausha paa baada ya mvua. Ndiyo maana paa la jikoni jeusi kwa masizi mara nyingi hudumu kuliko la chumba cha wageni. Chokaa inayopakwa ukutani nayo ni zao la moto: matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka yakalainika na kuwa unga. Watu wa visiwani wamejenga kwa moto karne nyingi. Hawauogopi kwa kutoujua.

Lakini yatosha cheche moja siku ya upepo. Katika miji iliyojengwa paa kwa paa, yenye vichochoro vya kupita punda mmoja, moto haushuki mtaani kutafuta njia. Huruka juu kwa juu. Ndoo za maji ya kisima haziwezi kuukimbilia. Hapo ndipo utaona upande wa pili wa ufundi huu, usiosemwa sana. Watu hupanda kwenye nyumba ambazo bado hazijashika, wakakata kamba na kuliangusha paa zima, ili moto ufike ukose chakula. Aliyefunga ndiye anayejua pa kukata. Mwenye nyumba hiyo hutazama paa lake zima likiporomoshwa kwa ajili ya nyumba ya jirani, na hana muda wa kuombwa ruhusa.

Watu wa Faza, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Pate katika pwani ya Kenya, wanaijua hadithi hii kwa miili yao. Mwaka 2009 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo na kuacha mamia ya familia bila makao. Wala si mara ya kwanza kwa Faza kuonja jivu. Mwaka 1587 Wareno waliushambulia mji huo kwa kuwa ulimuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki. Waliua watu, wakateketeza mji, kisha wakafanya jambo ambalo kila mwezekaji atalielewa kuliko mwanahistoria: wakakata minazi kwa maelfu. Kuchoma nyumba ni kumnyima mtu paa la mwaka huu. Kukata minazi ni kumnyima paa la miaka mingi ijayo. Hata hivyo Faza ipo. Maana yake ni kwamba kuna watu waliotoka majivuni wakachimba mashimo na kufukia nazi zilizoanza kuchipua, wakijua kwamba makuti yake watayashona mabinti ambao hawajazaliwa. Sijui jina zuri zaidi la tendo hilo kuliko imani.

Nitaje basi imani ya familia, kwa sababu hii ndiyo inayosemwa kwa urahisi na kufanywa kwa taabu. Usiku wa msiba watu hurejesha kila kitu kwa Mola kwa maneno wanayoyajua wote, na maneno hayo huzuia mambo mawili: kulaumiana na kukata tamaa. Asubuhi huwa na mahitaji yake. Baba hupekua kifusi akitafuta bawaba za mlango na misumari inayoweza kunyooshwa. Bibi huuliza habari za cherehani, kisha za msahafu. Watoto hugawanywa kwa mashangazi na wajomba. Ukuta wa udongo hugongwa kwa ngumi kusikiliza kama umeokwa ukawa mgumu au umepasuka ndani. Ikifika adhuhuri, mtu ambaye moto haukumfikia huleta uji, na mwingine huleta makuti aliyoyashona kwa ajili ya kuuza. Bei haitajwi, na deni haliandikwi popote, ila kila aliyekuwepo atalikumbuka siku mkopeshaji atakapohitaji kuezeka.

Haya yote yanawezekana kwa sababu watu hawa si wageni wa kuanza upya. Familia iliyoishi chini ya makuti kwa kizazi kimoja imekwisha kuona paa lake likiezuliwa mara kadhaa, nyota zikionekana kutoka kitandani, jirani akija na ngazi, na mtoto mdogo akifundishwa kurusha kuti juu bila kulivunja. Moto huja na hasara kubwa ya vitu, na mara nyingine ya roho. Lakini kazi unayoidai inafanana na ile waliyokwisha kuifanya kwa hiari na kwa vicheko. Ufundi usioahidi kudumu umewapa mazoezi ambayo nyumba ya zege haiwezi kumpa mtu.

Mbali na pwani, nchini Uganda, ufundi wa kuezeka kwa nyasi nao umejaribiwa na moto. Tarehe 16 Machi 2010 jumba kuu la makaburi ya Kasubi, Kampala, walimozikwa Makabaka (wafalme) wanne wa Buganda, liliungua. Jumba hilo la nyasi lilikuwa urithi wa dunia tangu 2001, na mwaka ule ule wa moto likatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuezeka kwake ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, wenye ujuzi na miiko yake. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa katika orodha hiyo. Michango ilisaidia sana. Ila michango isingetosha kama wale wenye mikono wangekuwa wamekwisha kufa bila kumfundisha mtu.

Sisemi haya ili kumrudisha kila aliyeunguliwa chini ya makuti. Mama anayechagua mabati baada ya kumtoa mtoto motoni hana deni la kunieleza. Mabati hayapokei cheche, ingawa hupika watu mchana na kuliwa na chumvi ya bahari. Wengine huchanganya: jiko hutengwa na kuezekwa mabati, sebule ikabaki na makuti na ubaridi wake, na kati ya nyumba na nyumba huachwa nafasi ambayo zamani ingejengwa chumba cha kijana anayeoa. Hayo nayo ni ufundi, na mafundi wenyewe ndio wa kwanza kuyafikiria. Kosa ni kuwagawia watu vifaa vya ujenzi na kuwaacha washonaji wakae bure, kana kwamba kilichookolewa motoni ni miili tu na ujuzi uliomo mikononi mwao si mali.

Mali hiyo ndiyo ninayoisifu. Mwenye imani isiyo na kazi hungoja kuambiwa lini mambo yatatengemaa. Familia iliyokwisha kuezeka na kuezua tangu babu haiulizi kama nyumba itasimama tena. Inauliza makuti yaliyopatikana ni mangapi, na nani ana ngazi.