Mchumaji na Mfujaji: Ukarimu Unaohitaji Maskini

Wynnere and Wastoure ni utungo wa Kiingereza cha Kati ambao mtunzi wake hajulikani, na wataalamu huukadiria kuwa wa kati ya miaka ya 1352 na 1370. Umesalia katika nakala moja tu, ya mkono wa Robert Thornton wa Yorkshire, karne ya 15, na mwisho wake umepotea. Msimulizi aota majeshi mawili yakikabiliana. Mfalme, ambaye ishara zake ni za Edward III, ayazuia na kuwaita Mchumaji na Mfujaji wajieleze mbele yake.

Mchumaji amshutumu mwenziwe kwa kuacha mashamba bila kulimwa na kuuza urithi ili agharamie karamu. Mfujaji ajibu kwamba nyama iliyolundikwa hadi boriti zikapinda haimfai mtu, ilhali karamu zake huwalisha maskini. Mfalme hakati shauri: ampeleka mmoja kwa Papa na mwingine Cheapside, mtaa wa biashara wa London.

Huku kutokukata shauri kusimzuie mhakiki kuhukumu. Mfujaji adai pia kwamba wakubwa wasipokula kwa wingi, vyakula vitazidi na kuwa rahisi mno, hata asipatikane wa kumtumikia bwana. Kwa kauli hiyo ajifichua: ukarimu wake hauuondoi umaskini, bali wauhitaji. Ikumbukwe kwamba baada ya tauni ya 1348-49 vibarua walikuwa adimu, na sheria ya 1351 iliwazuia kudai ujira mkubwa zaidi.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ya mapema karne ya 19, yaujadili utajiri kwa njia nyingine. Hapa mshairi ausaili moyo wake mbele ya magofu ya Pate, na hakimu ni mauti. Hata hivyo, wapepezi na wakandi waliowahudumia matajiri wapita kama pambo la anasa; hawapewi kauli.

Suala hili si geni Musanda, katika nchi ya Wanga. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Mkulima aliyengoja miezi mingi kupata malipo ya mkupuo huusiwa aweke akiba, na papo hapo hutarajiwa kuchangia matanga na harusi. Nasaha zote mbili humchukulia kuwa fedha anazo. Mwalimu anayeusomesha utungo huu na aanze na mtu huyo, ambaye mbele ya mfalme hakuitwa kusema.