Kinjeketile na Kitunda: Mashaka ya Rafiki Wakati wa Vita

Tangu ilipochapishwa mwaka 1969, tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile imesomwa zaidi kwa njia mbili. Kundi la kwanza la wasomaji huiona kuwa ni sifa ya umoja: makabila yaliyokuwa yakichukiana yanaungana chini ya maji na kumkabili Mjerumani. Kundi la pili huiona kuwa ni onyo dhidi ya ushirikina: watu wanadanganywa kwamba risasi itageuka maji, nao wanakufa kwa wingi. Kila usomaji una ushahidi wake katika mchezo. Hata hivyo, zote mbili huyatazama maji mno na kuwatazama wenye kuyazungumzia kidogo mno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha tamthilia hii ni mjadala wa marafiki wawili, Kinjeketile na Kitunda, juu ya vita: je, vipiganwe, vipiganwe kwa ajili ya utawala wa nani, na je, mwenye shaka aseme au anyamaze? Msiba unaowapata hautokani na maji peke yake. Unatokana pia na mashaka yaliyobaki faraghani wakati yalipohitajika hadharani, yakaja kutakiwa hadharani wakati yalipokuwa yamekwisha kuwa silaha ya adui.

Yafaa kwanza kutenganisha historia na sanaa. Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, yaani siku chache tu baada ya vita kuanza. Hakuliona shambulio la boma la Mahenge la tarehe 30 Agosti, ambapo wapiganaji waliokunywa maji walikatwa na bunduki za bombomu. Hakuiona njaa ya mwaka 1906 na 1907, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Makisio ya Wajerumani wenyewe yalifika Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gwassa alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Hussein, ambaye mwenyewe ametahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, anambadilishia mtu huyu wakati wa kufa. Anamwacha hai mpaka baada ya kushindwa. Badiliko hili si dogo. Kinjikitile wa historia hakupata nafasi ya kuulizwa na waliosalia. Kinjeketile wa jukwaani hana pa kukimbilia.

Mchezo unafunguka kwa njaa. Wanawake wanazungumza juu ya chakula kilichokwisha na waume waliochoka kwa kulima shamba la Bwana Kinoo. Baadaye wanaume wanakutana kwa siri, nao wanajadiliana kama watu wanaojuana na wasioaminiana. Mmoja anataka vita mara moja. Mwingine anakumbuka ugomvi wa zamani baina ya kabila na kabila. Kitunda anauliza swali ambalo hakuna apendaye kulisikia: Mjerumani ana bunduki, sisi tuna nini? Katika sehemu hii mjadala uko wazi. Kitunda anasema lisilopendeza na bado anabaki ndugu. Hakuna anayedai kwamba kuhesabu bunduki za adui ni kumpenda adui. Msomaji makini atauweka ukumbini mwa fikira zake mkutano huu mdogo, kwa sababu hautarudi tena.

Kinachouondoa ni maji. Kinjeketile anapagawa na Hongo, anaingia mto Rufiji, na anapotoka hakulowa. Anatangaza umoja, anatoa maji, na watu wanaoshukiana wanakuwa jeshi. Hapana shaka kwamba hili ni jambo kubwa, na Hussein halidharau. Hoja ya Kitunda ilikuwa kwamba watu hawawezi kupigana bila silaha na bila umoja. Maji yameleta moja ya hayo mawili kwa siku moja, kazi ambayo hoja isingeifanya kwa mwaka. Lakini umoja uliotokana na imani una sharti lake: haugusiki. Jana swali la bunduki lilikuwa busara. Leo ni kumtilia shaka Hongo. Hivyo ndivyo vita vinavyobadilisha maana ya maneno kabla hata havijaanza.

Ndani ya tangazo lile la mtoni kuna neno jingine ambalo umati haukulipima, nalo ni kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Wahakiki wengi hulipita neno hili kama pambo la kihistoria. Kwa hakika ni historia: masimulizi yaliyokusanywa na Gwassa na Iliffe miaka ya 1960 yanataja ahadi kama hiyo. Lakini katika tamthilia ndilo swali la siasa ya nje. Seyyid Said alikwisha kufa tangu mwaka 1856. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na mwaka huohuo Ujerumani ikajipatia haki za Sultani juu ya pwani ya bara kwa malipo ya marki milioni nne. Basi watu wa Rufiji walikuwa wakiahidiwa ulinzi wa jina la marehemu, ambaye warithi wake walikwisha kuiachia pwani kwa fedha, na ambaye enzi yake ilikuwa enzi ya biashara ya watumwa. Kumfukuza bwana mmoja kwa kumkaribisha mwingine si uhuru. Mchezo hauhitaji mwanasiasa kulifahamu hilo. Anayelifahamu ni Kinjeketile mwenyewe, anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema.

Hapa ndipo tamthilia inapopata uzito wake. Mtu aliyeleta neno la vita ndiye wa kwanza kulishuku. Anaona kwamba Hongo amemtumia. Naye anamwambia nani? Anamwambia Kitunda, rafiki yake, peke yake. Mbele ya watu anasema tu kwamba wangoje, kwamba amri haijatoka. Tofauti baina ya kauli hizi mbili ndiyo kauli ya mchezo mzima. Faraghani anatoa sababu. Hadharani anatoa agizo bila sababu. Watu wanaoambiwa wangoje bila kuelezwa kwa nini watajitafutia sababu zao, na kwa kawaida huzitafuta mahali pabaya: huenda kiongozi ameogopa, huenda amehongwa. Wanachoka kungoja, wanakwenda vitani bila neno lake, na tangu hapo Kinjeketile si mkuu wa neno alilolizaa. Neno limekuwa kubwa kuliko kinywa kilicholitamka.

Je, Kinjeketile na Kitunda walikosea kunyamaza? Haki inataka upande wa pili usikilizwe. Lau Kinjeketile angalisimama na kusema kwamba ahadi ya Seyyid Said ni mtego, wangeuliza mara moja: kama Hongo amesema uongo juu ya hilo, kwa nini tumwamini juu ya maji? Umoja ungevunjika, kila kabila lingerudi kwenye kisasi chake, na Bwana Kinoo angeendelea na kiboko chake. Hii ndiyo hoja ya wote wanaotaka mashaka yafichwe wakati wa vita, na si hoja ya kijinga. Nyufa za jeshi ni furaha ya adui. Lakini mchezo wenyewe unaijibu. Umoja uliolindwa kwa kimya haukuokoa watu. Uliwapeleka wote pamoja mbele ya bunduki. Kitunda, ambaye ndiye aliyewafunza kupigana, alijua nguvu ya silaha zile tangu usiku wa mkutano wa kwanza. Ujuzi wake haukufa. Ulikosa mahali pa kusemwa.

Yafaa kuuliza pia kama kosa hili ni la wahusika peke yao au ni la mtunzi pia. Hussein anawaonyesha watu kama umati wenye haraka, unaopandishwa na ngoma na kushushwa na woga. Hajawapa hata mara moja nafasi ya kuyasikia mashaka ya kiongozi wao, ili msomaji aone wangefanya nini. Kwa hiyo dhana kwamba watu wasingeweza kuubeba ukweli haijathibitishwa popote katika mchezo. Imechukuliwa tu kuwa hivyo na marafiki wawili, na pengine na mtunzi wao. Vivyo hivyo wanawake. Ndio waliofungua mchezo, na njaa waliyoizungumzia ndiyo sababu ya vita. Lakini shauri la vita likishaanza, hawaulizwi. Baraza lisilomuuliza anayejua kiasi cha unga kilichobaki ghalani limeanza kupungukiwa na ukweli kabla halijaupungukiwa na umoja.

Onyesho la gerezani linayageuza yote haya. Marafiki wako kifungoni, wameshindwa, na Mjerumani anataka jambo moja tu: Kinjeketile aseme kwamba maji ni uongo. Kitunda anamsihi aseme. Hoja yake ni nzito, wala si ya mwoga. Maji hayakuzuia risasi. Watu wamekufa na wengine watakufa. Kusema kweli kutapunguza mateso. Kinjeketile anakataa. Anajua kwamba neno hilo, likitoka kinywani mwake sasa, halitakuwa tena juu ya maji. Litapelekwa kwa wanaoendelea kupigana kusini na magharibi, nao wataambiwa kwamba walikosea kupigana. Wajukuu watafunzwa kwamba kudai haki kulikuwa wazimu. Maneno yaleyale ambayo kabla ya vita yangekuwa ushauri wa rafiki, sasa ni ushahidi wa mshitaki.

Wahakiki waliozoea kumtukuza Kinjeketile kwa kukataa huku hawamtendei haki Kitunda. Mchezo haumfanyi kuwa msaliti. Anayemshauri ni yuleyule aliyeshika kazi ya kuwafunza wapiganaji, aliyekwenda nao vitani, na aliyefungwa kwa ajili yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika dhiki ile Kitunda anatoa alichonacho: ukweli ulio wazi. Hussein anawaacha wote wawili wakiwa na haki, kila mmoja upande wake, na huo ndio ukomavu wake. Kitunda anapima neno kwa ukweli wake. Kinjeketile analipima kwa atakayelitumia. Aliyekosa haki ya kuwahukumu ni yule afisa anayengoja jibu, ambaye hauhitaji ukweli ila kwa faida yake.

Ulinganisho mfupi na mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi mwaka 1978, unaidhihirisha tofauti. Kimathi naye anajaribiwa gerezani, na kila mshawishi anayeingia ni adui au mtumishi wa adui. Kukataa kwake ni kwa shujaa, lakini hakumgharimu urafiki. Kinjeketile anajaribiwa na mtu ampendaye, kwa hoja ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuikaribia. Kwa sababu hiyo kukataa kwake kunauma zaidi, na mtazamaji haondoki ukumbini akiwa na hakika.

Kwa upande wa fani, mtunzi anaushika mpango huu kwa kupishanisha maonyesho ya umati na maonyesho ya watu wawili. Penye umati lugha hupanda, hurudiarudia, hukaribia wimbo. Kila kauli huitikiwa. Penye watu wawili sentensi ni fupi, zenye maswali, na mara kwa mara hukatika. Masikio ya mtazamaji yanafunzwa polepole kwamba lugha ya kwanza ndiyo yenye nguvu na ya pili ndiyo yenye kweli, na kwamba hazikutani. Hussein aliirudia mbinu ya marafiki wawili katika Mashetani (1971), ambamo Juma na Kitaru wanabishana baada ya mapinduzi. Lakini huko hapana jeshi linalongoja mlangoni, na mjadala unaweza kuendelea bila damu.

Fundisho la Kinjeketile, basi, haliwezi kufupishwa kuwa umoja ni nguvu wala kuwa ushirikina ni mbaya. Tamthilia inauliza swali gumu zaidi, ambalo taifa lolote liingialo vitani hulikuta: mashaka ya mtu mwaminifu yawekwe wapi? Yakizuiwa kusemwa mapema kwa jina la umoja, hayafi. Hungoja mpaka siku ambayo kuyasema ni kumsaidia adui na kutoyasema ni kuusaidia uongo. Maji yakimwagika hayazoleki, wala neno. Kinjeketile na Kitunda walikuwa na muda wa kulijadili neno lao mbele ya watu, katika siku zile za kungoja amri, wakati jeshi lilipokuwa likifunzwa na hakuna risasi iliyokuwa imepigwa. Waliujadili wakiwa wawili tu. Walipofika gerezani mjadala ulikuwa bado ni wao wawili, ila sasa aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango alikuwa Mjerumani.