Kamera Nyingi na Duara la Ngoma

Mtu anayekwenda kununua ngamia katika mnada wa mifugo wa Garissa hasimami mahali pamoja. Humtazama mnyama mbele, akamzunguka, akamkagua miguu, nundu na meno, kisha akarudi nyuma hatua kadha amwone mzima akitembea. Yote hayo huyafanya kwa macho mawili tu, kwa sababu mnyama yupo wala hana pa kukimbilia. Lakini jambo likiwa ni la kupita na kutorudi, kama vile mchezo, shairi au ngoma, mtazamaji mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma, karibu na mbali, kwa wakati mmoja. Haja hiyo ndiyo iliyozaa desturi ya kupiga picha kwa kamera nyingi pamoja. Katika insha hii, msomaji, nataka tuipime desturi hiyo: hufaa wapi, huharibu wapi, na sisi wa Garissa, Wajir na Mandera twaweza kuitumiaje pasipo kuzidhulumu sanaa zetu.

Yafaa kwanza tujue kazi yenyewe hufanywaje. Katika studio ya televisheni kamera tatu au nne huwekwa mbele ya jukwaa. Ile ya katikati aghalabu huonyesha watu wote na mahali walipo. Zile za pembeni huvuta nyuso karibu, kila moja ikimtazama mtu aliye upande wa pili. Picha za kamera zote huingia katika chumba kimoja, zikaonekana pamoja juu ya vioo vilivyopangwa ukutani. Hapo huketi mkurugenzi. Huzungumza na wapiga picha kwa vyombo vya masikioni, na kwa neno lake moja mtu wa mitambo hubonyeza kitufe: picha ya kamera ya pili ikatoka na ya tatu ikaingia. Juu ya kamera iliyochaguliwa huwaka taa ndogo nyekundu. Mchezaji akiiona hujua ya kuwa jicho lile ndilo linalomtazama sasa kwa niaba ya watu wote walio majumbani.

Litazame jambo hili vizuri. Kamera ni nyingi, lakini mtazamaji wa nyumbani aghalabu hupewa picha moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye kamera nne haonyeshi mara nne; huchagua moja akazikataa tatu, na uchaguzi huo huufanya tena na tena mpaka mchezo uishe. Kwa hiyo anayetaka kuihukumu kazi ya namna hii asiulize zilikuwako kamera ngapi. Na aulize: aliyechagua alichagua nini, kwa sababu gani, na alituficha nini?

Desturi hii si changa. Shirika la Utangazaji la Uingereza lilipoanza kutangaza televisheni kutoka Alexandra Palace, London, tarehe 2 Novemba 1936, mchezo ulikwenda moja kwa moja kutoka studio hadi nyumbani, wala hapakuwa na nafasi ya kuusimamisha ili kamera ihamishwe. Marekani nako, tarehe 15 Oktoba 1951, kilianza kuonyeshwa kichekesho kiitwacho I Love Lucy, cha Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz. Hicho kilichezwa mbele ya watu waliokaa vitini, huku kamera tatu za filamu zikipiga picha kwa pamoja, ili kicheko kiwe cha kweli na picha iwe safi. Mpiga picha mkuu alikuwa Karl Freund, ambaye huko Ujerumani alikuwa miongoni mwa waliopiga picha za filamu ya Metropolis ya mwaka 1927. Freund alikutana na shida moja kubwa: taa iliyofaa kamera moja iliharibu picha ya kamera nyingine. Akazitundika taa juu na kuusawazisha mwanga mahali pote. Shida ikaisha, lakini vile vivuli vizito ambavyo mpiga picha huvitumia kuonyesha hofu au siri vilipungua. Hapa pana funzo: kila kamera inayoongezwa hutoa kitu, na hudai kitu.

Kwetu Kenya televisheni ilianza mwaka 1962. Miongoni mwa michezo ambayo imewachekesha wananchi kwa miaka mingi ni Vioja Mahakamani, na mchezo huo ni mfano mwema wa jambo linalokubaliana na kamera nyingi. Korti yenyewe humpa kila mtu mahali pake: hakimu juu, kiongozi wa mashtaka chini yake, mshtakiwa kizimbani. Hakuna anayezunguka ovyo. Makokha au Ondiek akitoa jibu la ajabu, utamu wake haumo katika neno peke yake. Umo baina ya neno na uso wa yule anayelisikia. Kamera moja ingelazimika kumwacha msemaji ili imfuate msikilizaji, na ingefika wakati uso umekwisha kubadilika. Penye kamera mbili, uso ule unangojwa kabla haujabadilika. Hii ndiyo fadhila kubwa ya kamera nyingi: humwonyesha asemaye na asikiaye katika pumzi moja.

Mchezo wa korti hutufunza pia sheria ya upande mmoja. Chora mstari kutoka kwa hakimu hadi kwa mshtakiwa. Kamera zote hukaa upande mmoja wa mstari huo. Moja ikivuka, hakimu aliyekuwa akitazama kulia huonekana ghafula akitazama kushoto, na mtazamaji hudhani ya kuwa wawili wale wamepeana migongo. Sheria hii ni njema mahali penye mbele na nyuma, yaani mahali ambapo wachezaji wako huku na watazamaji wako kule.

Lakini fadhila huweza kugeuka kuwa ila. Yako mazoea mawili ambayo yatupasa kuyalaumu. La kwanza ni kubadili picha kwa sababu tu vitufe vipo. Mwimbaji hajamaliza ubeti, tumekwisha kuonyeshwa uso wake, mkono wake, mpiga ngoma, na uso wake tena. Jicho limechoka na moyo haujapata kitu. La pili ni kuwaonyesha watazamaji wakicheka kila mchekeshaji anapofunga mdomo. Kichekesho kizuri hakihitaji shahidi, na kibaya hakiokolewi na mashahidi mia. Picha ya hadhira ina haki yake pale tu inapotuambia jambo ambalo mchezaji mwenyewe hakutuambia.

Sasa na tuzipeleke sheria hizi nyumbani, tuone kama zitasimama. Nitatwaa sanaa tatu zijulikanazo sana kwetu: gabay, dhaanto na buraanbur.

Gabay ni shairi refu la Wasomali ambalo kwa desturi hughaniwa na mtu mmoja pasipo ala ya muziki. Sauti moja iliyochaguliwa hurudi mwanzoni mwa maneno, mstari baada ya mstari, mpaka mwisho wa shairi, na kila mstari una mapumziko yake katikati. Msikilizaji huingoja sauti ile kama mtu angojaye hatua ya mgeni anayemjua. Mkurugenzi akiibadili picha katikati ya mstari, ni kama mtu amvutaye mwenzake nguo wakati anaposikiliza. Katika gabay picha na ibadilike mwisho wa mstari, na bora zaidi mwisho wa wazo. Kamera ya pili isipewe kazi ya kumzunguka mshairi kama nzi. Ipewe kazi ya kuwatazama wazee wanaosikiliza. Mzee anapotikisa kichwa kabla neno halijafika, ametufunulia elimu nzima ya ushairi bila ya kufungua kinywa.

Dhaanto ni ngoma ya wanaume na wanawake, na watu wengi husema ya kuwa mwendo wake waiga mwendo wa ngamia. Kama ndivyo, mpiga picha aliyezoea nyuso ataikosa ngoma yenyewe. Ataonyesha tabasamu, macho na jasho, huku miguu na mabega yakifanya kazi yote nje ya picha. Mcheza ngoma yataka aonekane kutoka utosini hadi unyayoni, na uso wake uvutwe karibu mara chache, kama chumvi katika mchuzi.

Buraanbur ndiyo hutia sheria ya upande mmoja katika mtihani. Ni ushairi wa wanawake, na hupamba hasa arusi. Mmoja hughani, wengine hupiga makofi na ngoma, na mmoja au wawili huingia kati wakacheza, kisha wakawapisha wengine. Nani hapa ni mchezaji na nani mtazamaji? Aliyepiga makofi sasa hivi atakuwa katikati baada ya kitambo kidogo. Duara halina mbele wala nyuma. Ukipanga kamera tatu upande mmoja, kama katika studio, nusu ya wanawake wataonyeshwa migongo, na walio katikati wataanza kuigeukia kamera na kuwaacha wenzao. Ndipo duara hufunguka likawa mstari, na karamu ya wote ikawa onyesho la wachache. Hali hii hutokea pia ngoma zetu zinapopelekwa katika mashindano ya muziki ya shule, ambako jukwaa huwalazimisha wachezaji kuwageukia waamuzi. Basi picha isiongeze dhara ambalo jukwaa limekwisha kulianza. Kamera moja na ikae juu, ilione duara zima. Nyingine na ziwe ndani ya duara, mahali pa wapiga makofi, mikononi mwa wanawake wenyewe. Mtazamaji akionyeshwa kwanza duara lote, hatapotea picha zitakapovuka kutoka upande huu hadi ule, kwa kuwa anajua sasa ya kuwa ameketi miongoni mwa watu.

Liko jambo zito kuliko haya yote. Nimesema ya kuwa studioni huwaka taa nyekundu, na mchezaji hujua ni jicho gani linalomtazama. Katika arusi zetu leo simu za mkononi ni nyingi kuliko kamera za studio yo yote, na simu haina taa ya kumtahadharisha mtu aliyeketi mbele yake. Mwanamke aliyejifungulia uso na furaha mbele ya dada zake na shangazi zake aweza kukuta kesho yake ya kuwa uso ule umetazamwa na watu asiowajua, katika miji asiyopata kuiona. Hapo wingi wa macho umekuwa dhuluma.

Usidhani ya kuwa kujizuia huku ni ushamba. Elizabeth wa Pili alipotawazwa katika Westminster Abbey, London, tarehe 2 Juni 1953, kamera za televisheni zilikuwamo ndani ya kanisa na mamilioni ya watu walitazama. Hata hivyo, ilipofika saa ya kupakwa mafuta matakatifu, tendo lile halikuonyeshwa. Wenye kamera walikubali ya kuwa liko jambo ambalo heshima yake ni kutoonekana. Ikiwa malkia alistahili sitara hiyo, bibi arusi wa Garissa kwa nini asiistahili?

Yamkini mtu atasema: basi tuziache kamera, sanaa zetu ziliishi bila ya hizo. Jibu langu ni hili. Ni kweli ya kuwa gabay na buraanbur zilihifadhiwa na vichwa vya watu. Lakini vichwa hivyo hufa, na vijana wengi hukaa mbali na wazee wao, wengine ng'ambo ya bahari. Maneno yaweza kuandikwa kitabuni, lakini mkono ulioinuliwa, kimya kabla ya neno, na kofi linaloitikia, hayo hayaandikiki. Tusipoyahifadhi sisi kwa adabu, atayahifadhi mwingine pasipo adabu, na siku moja watoto wetu watajifunza ngoma ya bibi zao kutoka kwa picha iliyopigwa na mtu asiyejua miguu ilikuwa ikisema nini.

Basi wewe mwanafunzi, ambaye huenda katika chama cha drama cha shule yenu mna simu tatu tu, usingoje studio. Kwanza ombeni ruhusa kwa kila atakayeonekana. Wekeni simu moja mbali, mahali pa juu, iuone mchezo wote bila ya kuzimwa. Mbili ziwe karibu. Zikiwashwa zote, mmoja wenu apige kofi moja mbele yake, ili baadaye sauti na picha za simu tatu ziweze kulinganishwa. Chagueni sauti ya simu moja iliyo safi, muitumie tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha keteni pamoja mzichague picha, na kila mnapotaka kubadili, mmoja wenu na aulize: kwa nini sasa? Asipopata jibu, picha ibaki ilivyo.

Na unapotazama kazi za wengine katika televisheni, swali hilo hilo liwe mizani yako. Kazi njema ni ile ambayo ikikwisha humkumbuki mpiga picha. Wamkumbuka mshairi, wazikumbuka nyayo za mcheza ngoma, na wajiona kama uliyekuwamo katika duara kwa idhini ya wenyewe.